Mtoto Wetu Tumsemeshe kwa Lugha Gani?



Katika masomo ya ndoa kule parokiani tunawafundisha wachumba mambo mengi. Tunaongea juu ya pesa, juu ya wakwe, juu ya kupanga uzazi kwa njia ya asili, juu ya sala ya jioni. Lakini kuna swali moja ambalo sisi makatekista huwa tunaliruka. Ninyi wawili mmetoka makabila mawili. Mungu akiwajalia mtoto, mtamsemesha kwa lugha gani? Siku hizi mimi huwauliza, nao hucheka. "Mwalimu, si tutaongea Kiswahili tu?" Siwalaumu. Mwaka wa 2005, nilipofunga ndoa, mimi pia ningejibu hivyo hivyo kama kungekuwa na mtu wa kuniuliza.

Mimi ni Mjaluo wa Siaya. Mke wangu ni Mkamba wa Kangundo. Tunaishi Athi River, mji ambao viwanda vyake vimeleta watu kutoka kila pembe ya Kenya. Katika ploti tuliyopanga mwanzoni, mlango wa kwanza alikaa Mkisii, wa pili Mluhya, wa tatu Mkikuyu, na watoto wote walicheza pamoja uani kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Sisi wawili tulijuana kwa Kiswahili, tukachumbiana kwa Kiswahili, na hata tukigombana tuligombana kwa Kiswahili. Kijana wetu wa kwanza alizaliwa 2007, akakua na Kiswahili hicho hicho. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Ilitokea tu, kama mambo mengi ya nyumbani yanavyotokea wakati mume na mke hawajaketi kuyazungumza.

Basi mwaka wa 2011 mama yangu mzazi alipatwa na kiharusi. Tulimleta kwetu ili awe karibu na matibabu. Alikuwa mama wa shamba, Kiswahili chake kilikuwa kidogo cha sokoni, na ugonjwa ule ukamwondolea hata hicho kidogo. Alibaki na Kijaluo, nacho alikitamka kwa shida, neno moja moja. Mchana mimi nilikuwa kazini na mke wangu alikuwa kwenye duka lake la nguo. Yaya alibaki na mgonjwa pamoja na mtoto.

Siku moja yaya alikwenda kununua mboga akakawia. Mama akashikwa na kiu. Akamwita mjukuu wake, mtoto wa miaka minne, akamwambia, "Pi." Mtoto akasimama akimtazama. Akarudia, "Pi, pi." Kwa Kijaluo "pi" ni maji. Mtoto wangu hakulijua neno hilo. Alisikia "pipi", na kwa kuwa ni mtoto mwenye moyo mzuri, alikimbia kwenye kikopo chake akatoa peremende mbili alizopewa Jumapili baada ya Misa, akamwekea nyanya yake mkononi.

Nilipofika jioni alinipokea mlangoni akiwa na furaha. "Baba, leo nyanya alitaka pipi, nikampa zangu zote!" Nilielewa papo hapo. Nikaingia chumbani nikamkuta mama ameshika zile peremende bado, akanitazama. Hakunilaumu kwa neno lolote. Alikufa mwaka uliofuata. Katika miezi yote aliyokaa nyumbani kwangu, yeye na mjukuu wake wa kwanza hawakuwahi kuzungumza.

Ndugu msomaji, nimekuambia habari hii ili ujue kwamba ninayoandika hapa sikuyatoa kitabuni peke yake.

Sasa tujiulize, kwa nini mzazi anayependa kwao asimfundishe mtoto lugha ya kwao? Kwa upande wangu sababu moja niliitoa shuleni. Nilipokuwa darasa la nne tulikuwa na kile kibao tulichokiita "disk". Ukisikika unasema Kijaluo, unakivaa shingoni mpaka umsikie mwenzako naye akisema, umpokeze. Jioni wote waliokivaa siku hiyo walichapwa. Wengi wenu mlio na umri kama wangu mnakikumbuka, kiwe kilikuwa cha mbao au mfupa. Mtu akichapwa miaka mitatu kwa sababu ya lugha ya mama yake, akiwa mkubwa hana haja ya kuambiwa aifiche, ataificha mwenyewe. Nilipopata mtoto nilimtakia Kiingereza. Nikamnunulia vitabu vya picha vya Kiingereza kabla hajaota meno. Kijaluo nilikiona kama vumbi la njiani, la kupangusa miguuni kabla ya kuingia mjini.

Sababu ya pili ni kwamba nilidhani lugha huja yenyewe kwa damu. Hapa Kenya tunasema "lugha ya mama", lakini angalieni tunavyotenda. Baba akiwa Mjaluo, mtoto anahesabiwa Mjaluo, anapewa jina la Kijaluo, na wazee wakikutana naye wanataka awajibu kwa Kijaluo. Kwa hiyo hiyo lugha ya mama ni lugha ya baba! Lakini nani anakaa na mtoto? Baba anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa mbili usiku mtoto akisinzia. Mama mwenyewe hakijui Kijaluo. Halafu tukienda Krismasi, mashangazi wanamlaumu nani? Wanamlaumu mama: "Huyu mwanamke ametuharibia watoto." Mke wangu aliyasikia hayo miaka mingi. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikinywa chai.

Baada ya mazishi ya mama nilifanya kosa la pili, na hili nawaomba akina baba mnisikilize vizuri. Nilirudi Athi River nikatangaza amri. Kuanzia leo, watoto katika nyumba hii watasema Kijaluo. Wakati huo tulikuwa tumepata pia binti, alikuwa na mwaka mmoja. Mke wangu aliendelea kukunja nguo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Baba watoto, na mama yangu je? Yeye si nyanya?" Sikuwa na jibu. Mama mkwe yuko Kangundo, safari ya saa chache tu, na tangu mtoto wa kwanza azaliwe alikuwa akimsalimia "Wacha", naye mtoto ananyamaza kwa kuwa hajui inapasa kuitikia "Aa". Nilikuwa nimeona kidonda changu, na cha mwenzangu sikukiona kabisa. Tulikaa karibu wiki tatu tukisemezana ya lazima tu: chumvi, karo, nauli.

Mambo yalifunguka jioni moja baada ya Jumuiya Ndogo Ndogo. Somo la siku hiyo lilikuwa Pentekoste, na mama mmoja mzee alisema jambo ambalo mimi, katekista, sikuwahi kulitafakari. Alisema kwamba siku ile Roho Mtakatifu angeweza kuwafanya watu wote waelewe lugha moja, lakini hakufanya hivyo. Aliacha kila mtu asikie kwa lugha ya kwao. Tulirudi nyumbani kwa miguu bila kuongea. Tulipofika, mke wangu akatandaza kitambaa mezani, akasema, "Haya, tupange."

Nawaeleza tulivyopanga. Si sheria kwa kila nyumba, lakini unaweza kupata pa kuanzia.

Tulikubaliana kwamba mimi nitawasemesha watoto Kijaluo, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, wala sitamdai mke wangu kazi hiyo. Yeye atawasemesha Kikamba. Tukiwa wote pamoja, mezani na kwenye sala, tutasema Kiswahili, maana ndiyo lugha iliyotukutanisha. Kiingereza tuliwaachia walimu. Baadaye nilikuja kujua kwamba njia hii ya kila mzazi kushika lugha yake ni ya zamani. Mwaka wa 1913 msomi Mfaransa, Jules Ronjat, ambaye mkewe alikuwa Mjerumani, alichapisha kitabu juu ya mtoto wao Louis waliyemlea hivyo, baba kwa Kifaransa na mama kwa Kijerumani, na mtoto akazipata lugha zote mbili. Lakini wao walikuwa na lugha mbili. Sisi hapa kwetu mbili ni chache.

Ugumu ulikuja mara moja. Lugha haiingii kwa tangazo, inaingia kwa saa. Niligundua kwamba katika siku nzima nilikuwa na mtoto wangu dakika chache tu, na hizo nilizitumia kumwuliza kama amefanya kazi ya shule. Nikalazimika kubadili maisha. Nikaichukua kazi ya kuwaogesha jioni. Ndiyo, mimi Mjaluo, mbele ya majirani wa ploti! Majirani walicheka mwezi mmoja wakachoka. Kwenye beseni kuna maneno mengi sana: maji, sabuni, kichwa, mguu, simama, keti, funga macho. Mtoto anayasikia kila siku, kwa mambo yale yale, huku akikuona unachofanya. Neno la kwanza la Kijaluo alilolisema binti yangu lilikuwa "pi". Nilitoka nje kidogo nikajifanya natafuta taulo.

Mke wangu naye alitumia jikoni, na simu. Kila Jumapili baada ya Misa aliwapigia nyanya wa Kangundo, ambaye watoto walijifunza kumwita "susu", na kila mtoto alipaswa kusalimia na kusema jambo moja. Mwanzoni lilikuwa neno moja lililokaririwa. Baada ya mwaka wakawa wanamshtaki mama yao kwa bibi yake mzaa mama, na kwa Kikamba. Redio pia husaidia, Ramogi FM kwa upande wangu na Musyi FM kwa upande wake, lakini msitegemee redio sana. Redio inasema na mtoto bila kungoja ajibu. Na msimsahau yaya. Yeye ndiye mwalimu wa lugha wa mtoto kutwa nzima. Tulipokuwa na msichana kutoka Busia, kijana wetu alianza kusema maneno ya Kiluhya ambayo hakuna kati yetu aliyeyaelewa, tukawa tunamwuliza yaya mtoto anataka nini!

Wazazi wengi huniuliza: Je, mtoto hatachanganyikiwa? Hatachelewa kuongea? Hatakuwa na kigugumizi? Swali ni la haki. Mwalimu mmoja wa chekechea alimwambia mke wangu waziwazi kwamba tunamharibu mtoto, tuache lugha zote tubaki na Kiingereza. Wataalamu waliochunguza watoto wa lugha nyingi hawasemi hivyo. Mtoto mdogo huchanganya maneno, huchukua moja hapa na jingine pale kama anayechagua kunde kapuni. Binti yetu aliwahi kusema, "Mama, nipe chak," akimwomba mama yake maziwa kwa neno langu. Hiyo ni kawaida, na kwa kadiri anavyokua anajua nani anasemeshwa nini. Huenda akawa na maneno machache katika kila lugha kuliko mtoto wa lugha moja, lakini ukijumlisha ya lugha zote, hajapungukiwa. Kigugumizi pia hakiletwi na wingi wa lugha.

Hata hivyo usiifanye hoja hii kuwa pazia la kufunikia ugonjwa. Mtoto, awe wa lugha moja au nne, kwa kawaida hutamka maneno ya kwanza anapofika karibu mwaka mmoja, na akifika miaka miwili huunganisha mawili. Kama amefika mwaka mmoja na nusu na hana neno hata moja katika lugha yoyote, au hageuki anapoitwa, mpeleke kliniki apimwe masikio. Usikae nyumbani ukisema ni Kikamba kinagongana na Kijaluo.

Juu ya shule nitasema kidogo tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Mtaala mpya ulioingia madarasa ya chini mwaka wa 2019 nao umezipa lugha za kiasili nafasi. Ni vizuri. Lakini mwalimu wa mji kama huu wetu ana watoto wa makabila kumi katika darasa moja. Atafundisha lugha ipi? Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto wao. Katika jambo hili la lugha ya nyumbani, wakwanza na pengine ndio wa pekee.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limevunja amani ya ndoa nyingi kuliko watoto wenyewe. Ni kutumia lugha yako kama ukuta. Simu inalia, ni kaka yako, na wewe uliyekuwa unaongea Kiswahili sebuleni unageuka, unashusha sauti, unaongea kilugha dakika ishirini. Mwenzio anasikia jina lake limetajwa mara mbili. Unapomaliza anakuuliza, "Anasema nini?" Unajibu, "Hakuna, anasalimia." Dakika ishirini za salamu! Mke wangu aliniambia baadaye kwamba katika miaka yetu ya kwanza, kila nilipoongea na dada zangu, alidhani tunamsema. Mara nyingine ilikuwa kweli.

Tulipatana hivi: nani asiyeelewa akiwapo, aliyeongea atamtafsiria kabla hajaulizwa. Hata kama ni habari ya ng'ombe. Kwa kweli ni kazi, na ndugu zangu walinicheka kwamba nimekuwa mkalimani wa mahakama. Lakini jambo la ajabu likatokea. Kwa kutafsiriwa kila siku, yeye akaanza kuelewa, nami nikaanza kuelewa Kikamba. Sasa siwezi kusengenywa Kangundo, na wakwe wanajua. Bado tunataniana. Sisi Wajaluo wa zamani hatuna "sh", kwa hiyo mimi nikichoka nasema "samba" na "sule". Mama mkwe naye "r" inamsumbua, jina langu analitamka kwa "l". Watoto wanatusahihisha sote bila huruma.

Wapo watakaosema kwamba kuwafundisha watoto kilugha ni kupanda ukabila. Neno hili silichukulii kwa mzaha. Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu katika nchi yetu walitambuliwa kwa matamshi yao, na familia za mchanganyiko ziliumia pande zote mbili. Kijana wetu alikuwa mchanga mgongoni, na mke wangu aliniomba nisipokee simu za nyumbani kwa sauti nikiwa barabarani. Naelewa mzazi aliyeamua wakati ule kwamba heri mtoto asiwe na lugha yoyote ya kumtambulisha. Lakini nimewatazama watoto wetu watatu wakikua. Mtu akimsema vibaya Mkamba mbele yao, wanaona susu. Akimsema Mjaluo, wananiona mimi na beseni la maji. Sijui ni jinsi gani mtu atawafundisha kuchukia lugha waliyoogeshewa.

Nisiwadanganye kwamba yote yalifaulu. Kijana mkubwa alikuwa amechelewa kidogo. Anaelewa Kijaluo, lakini hujibu kwa Kiswahili, na sasa ni mtu mzima siwezi kumlazimisha. Kuna liwali wa Biblia, Nehemia, ambaye aliwakuta watoto wa ndoa za mchanganyiko hawajui lugha ya Wayahudi, akakasirika, akawapiga baadhi ya baba zao na kuwang'oa nywele (mnaweza kusoma katika sura ya 13). Mimi ningekuwa siku ile Yerusalemu ningerudi nyumbani na kipara. Lakini sidhani alipata Kiebrania hata kimoja kwa njia hiyo. Mtoto akikujibu kwa Kiswahili, wewe endelea kumsemesha kwa lugha yako, bila kumcheka matamshi. Binti yetu alikaa miaka miwili bila kunijibu kwa Kijaluo, kisha siku moja tulipokwenda Siaya alimkuta shangazi yangu mzee anahangaika na mtungi, akamwuliza kwa Kijaluo kama amsaidie kuteka maji.

Kwenye sala tulifanya badiliko moja. Rozari ni kwa Kiswahili, lakini sala ya kulala kila mtoto anasali na mzazi mmoja, kwa lugha ya mzazi huyo, na kesho yake anabadilisha. Mdogo wetu, ambaye bado yuko shule ya msingi, aliniuliza kama Mungu anachoka kubadilisha. Nilimwambia amwulize mwenyewe.

Wiki hii tafuteni jioni moja, watoto wakiwa wamelala na simu zikiwa zimezimwa, mjibizane maswali haya. Kila mmoja ajibu mwenzake akisikiliza bila kumkatiza.

Katika siku ya kawaida, mtoto wetu anasikia lugha yangu kwa dakika ngapi, na kutoka kwa nani?

Ni lini mara ya mwisho nilipoongea kilugha mbele yako na wewe ukajiona umefungiwa nje?

Ni nani kwa upande wako, akiwa bado hai, ambaye mtoto wetu hawezi kuzungumza naye? Tutampigia siku gani?